UZI: Barra, Scotland – ufukwe ambao ndege inatua mchangani, na ukitembea mbele kidogo unakuta gofu la kanisa

MtuWaPangani (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu. Kila mtu akiuliza humu "Scotland niende wapi" anajibiwa Edinburgh, Glasgow, Loch Ness, imeisha. Mi nakaa Glasgow na nataka niwape sehemu moja ambayo naamini kabisa mtu aliyekulia pwani yetu ataielewa haraka kuliko mtalii mwingine yeyote. Ni kisiwa cha Barra, kiko magharibi huko kwenye visiwa vya Outer Hebrides, karibu na mwisho wa kusini wa visiwa hivyo, wakazi kama 1,200 tu, wengi Wakatoliki na Kigaeli, lugha ya asili ya huko, bado wanakiongea majumbani.

Kaskazini ya kisiwa kuna ufukwe mpana unaitwa Tràigh Mhòr. Huo ufukwe ndo uwanja wa ndege. Sisemi uwanja uko karibu na ufukwe, nasema ndege inatua kwenye mchanga wenyewe, ule ambao masaa machache kabla ulikuwa chini ya maji. Tangu 1936 ndo hivyo. Maji yakitoka wanapata njia tatu za kurukia, zimepangwa pembetatu, na alama zake ni nguzo za mbao tu zilizosimamishwa mwishoni mwa kila njia. Maji yakijaa zote tatu zinazama, unabaki unatazama bahari. Ndege za abiria zenye ratiba kabisa, kutoka Glasgow kama saa moja na dakika kumi hivi, na ratiba inapangwa kwa kufuata maji.

Watu wengi wanaoenda wanapiga picha ndege ikitua, wanakunywa chai kwenye kafe ya pale uwanjani wanaondoka. Hapo ndo naumia, kwa sababu ukifuata barabara ya pembeni ya ufukwe kwenda kaskazini, mwendo wa nusu saa au kidogo zaidi, unafika Cille Bharra, magofu ya kanisa la zama za kati na makaburi yake, na ile njia yote pamoja na kurudi kwa upande wa pili wa rasi ni matembezi ambayo sijapata mfano wake. Ntaelezea yote, ulizeni tu.

---

BibiMwani_Jambiani

Mwanangu nimesoma mpaka nikaita wenzangu waje wasikie. Kwahiyo huko Ulaya nako watu wanasubiri maji? Sisi shamba la mwani tunaliendea bamvua maji yakitoka sana, yakiwa maji mafu hakuna kazi unakaa nyumbani. Sasa nikuulize, hiyo ndege siku za maji mafu inakuwaje? Na saa si zinabadilika kila siku, abiria anajuaje?

---

MtuWaPangani

Shikamoo bibi. Swali lako ndo hasa lilonifanya niandike uzi huu, maana Wazungu nikiwaeleza inabidi nianze na mwezi na jua, wewe umeshafika.

Ni kama ulivosema, maji yanajaa mara mbili na kutoka mara mbili, na kila siku saa inasogea kama dakika 50. Kwa hiyo ndege inayotua saa nne asubuhi leo, wiki ijayo saa hiyo hiyo pale ni bahari tupu. Jedwali la maji linajulikana mapema sana, basi na ratiba ya ndege inatoka mapema ikiwa imeshafuata maji, abiria anaona saa yake kwenye tiketi kama kawaida, ila akilinganisha tiketi ya Jumatatu na ya Alhamisi anaona saa tofauti na hajui kwa nini mpaka afike aone. Maji mafu hayajai sana wala hayatoki sana, lakini ufukwe wenyewe ni tambarare na mpana, maji yakitoka tu kiasi mchanga unapatikana. Kinachosumbua zaidi ni ukungu na upepo, hapo ndege inaweza isije kabisa.

Na bibi kuna kitu utakipenda. Maji yakitoka, ukiacha ndege, kuna watu wanashuka na ndoo na reki kuchimba kombe, wale wa baharini wenye gamba. Mchanga ule ule. Kombe za Barra zinajulikana miaka mingi, na huo ufukwe kwa Kiingereza watu huuita ufukwe wa kombe. Kuna kibao kikubwa pembeni kinakwambia usishuke ufukweni pale soksi ya upepo, kile kitambaa cha kuonyesha upepo, ikiwa imepandishwa, maana ikipandishwa maana yake uwanja uko kazini. Ikishushwa, ufukwe unarudi kuwa wa wote.

---

BibiMwani_Jambiani

Marahaba mwanangu. Kombe na ndege sehemu moja, Mungu mkubwa. Endelea kueleza tunasoma.

---

fundi_eapoti

Naongezea upande wa ndege wakuu kwa sababu ndo kazi yangu. Hiyo inayotumika ni DHC-6 Twin Otter, ya Canada, abiria 19, injini mbili za pangaboi. Wakubwa wa humu mtaikumbuka, ATC, shirika letu la ndege, ilikuwa nazo enzi zile. Imechaguliwa kwa sababu za msingi kabisa, bawa liko juu kwa hiyo injini na pangaboi ziko mbali na mchanga na maji, magurudumu hayakunjwi ni miguu imara imesimama tu, na inaruka kwenye urefu mfupi sana. Hapo Barra njia ndefu kuliko zote haifiki mita 900.

Sasa ile pembetatu watu wanaweza wakadhani ni mapambo. Ndege ndogo haipendi upepo wa ubavuni. Ukiwa na njia moja tu ya lami na upepo ukakata kutoka pembeni unafunga uwanja, lakini ukiwa na njia tatu zinazoelekea pande tofauti rubani anachagua ile inayomkabili na upepo. Na pale kuongeza njia hakugharimu lami, ni kusimika nguzo tu. Kwa visiwa vyenye upepo kama vile hiyo ni akili kubwa.

Swali kwa mwanzisha uzi, usiku je? Mgonjwa akizidiwa?

---

MtuWaPangani

Asante sana mkuu, nlikuwa naogopa kuelezea mambo ya injini nikaharibu.

Usiku hakuna ndege za kawaida, mchanga hauna taa. Ila kwa dharura imewahi kufanyika, watu wanapanga magari pembeni ya ufukwe wanawasha taa, na wanatandika vipande vinavyoakisi mwanga juu ya mchanga ili rubani aone njia. Kisiwa kidogo, hospitali kubwa iko mbali, watu wametoka majumbani na magari yao ili mwenzao afike hospitali. Mi hilo nikilifikiria nakipenda kisiwa kile zaidi.

---

Kaka_Mtoni

Mkuu tupe njia yenyewe sasa, hatua kwa hatua. Mi niko Leeds, natafuta safari ya mwezi wa sita na mke wangu na watoto wawili wakubwa.

---

MtuWaPangani

Sawa kaka. Mwezi wa sita umechagua vizuri sana, siku ni ndefu, jua linazama karibu saa nne na nusu usiku, na maua yamechanua.

Unaanzia uwanjani, jengo dogo tu. Mizigo mkishuka inaletwa kwenye kibanda cha nje kilicho kama kituo cha basi, mnachukua wenyewe. Toka hapo shika barabara ya kwenda Eòlaigearraidh, kwa Kiingereza wanaandika Eoligarry. Kulia kwako ni Tràigh Mhòr, unaona visiwa vidogo vidogo, na hewa ikiwa safi unaona Eriskay na South Uist ng'ambo. Kabla hujaenda mbali ulizia nyumba ya Suidheachan, ilijengwa miaka ya 1930 na mwandishi Compton Mackenzie, pembeni kabisa ya ufukwe. Baadae ilikuja kuwa kiwanda cha kusaga makombe ya kombe ili yatumike kupiga plasta za nje za nyumba. Mlikumbuke hilo jina la Mackenzie, mtakutana nae mbele.

Sehemu hiyo ya kisiwa ni nyembamba sana. Upande huu Tràigh Mhòr, upande wa pili Tràigh Eais inayokabili bahari kuu ya Atlantiki, katikati ni matuta ya mchanga yenye majani basi. Ukisimama juu ya tuta unasikia mawimbi upande mmoja, na upande mwingine maji yametulia.

Mbele barabara inapanda kidogo, hapo kwenye mteremko ndo Cille Bharra. Kaa hapo, usiharakishe watoto. Kisha endelea mpaka gati la Eoligarry, zamani boti za kuvukia South Uist zilitoka hapo, siku hizi feri ya Eriskay inatokea Aird Mhòr, upande mwingine wa ghuba. Kutoka hapo zunguka kaskazini kwenye fukwe ndogo nyeupe, panda Dùn Sgùrabhal ambako kuna mabaki ya ngome ya kale ya mawe, halafu rudi kusini kwa mlima wa Eoligarry, kama mita 100 hivi tu urefu wake, teremka Tràigh Eais uifuate yote, ukate matuta urudi uwanjani. Kwa mwendo wa familia ni nusu siku na zaidi. Njia nyingi haina alama, ni malisho ya watu, kuna kondoo na ng'ombe, mageti myafunge kama mlivoyakuta.

---

Msomi_wa_Kaole

Uzi mzuri. Naomba uingie ndani zaidi hapo kwenye kanisa. Kuna nini cha kuona? Mi magofu ndo ugonjwa wangu.

---

MtuWaPangani

Ndugu yangu nlikuwa nasubiri hilo swali.

Kwa kutazama haraka ni kuta za mawe. Kanisa kuu halina paa, kuta zimesimama sehemu na kuanguka sehemu, na pembeni yake kuna vikanisa vidogo, kimoja ambacho wamekiezeka upya ili kihifadhi mawe ya makaburi. Kanisa linahusishwa na mtakatifu Barr, ambae kisiwa kimechukua jina lake, na kuta zenyewe ni za karne ya 12 hivi.

Ingia kwenye kile kikanisa chenye paa. Kuna giza kidogo, macho yakizoea unaona mabamba marefu ya mawe yaliyochongwa nakshi, majani yaliyosukana, yalikuwa yamefunika makaburi ya wakubwa. Pia kuna jiwe moja, nakala, ile halisi iko kwenye makumbusho ya taifa Edinburgh. Upande mmoja una msalaba umechongwa nakshi za kusukana, upande wa pili maandishi ya rune, yale ya Waviking. Liliokotwa hapo makaburini mwaka 1865. Linavyosomwa ni kwamba msalaba huu umesimamishwa kwa kumkumbuka Thorgerth, binti Steinar. Sasa fikiria, Waviking tunaambiwa walikuja visiwa vile kuchoma makanisa na kupora, halafu hapo unakuta familia yenye majina ya Kinorwe, imeshakuwa ya Kikristo, inamlilia binti yao kwa msalaba kwenye makaburi ya kanisa la wenyeji. Visiwa hivyo vilikuwa chini ya ufalme wa Norway mpaka mkataba wa 1266, kwa hiyo walikaa, wakaoa, wakazika watu wao. Sisi wa pwani tunalijua hilo vizuri, mgeni anakuja na jahazi, kizazi cha tatu kaburi lake liko kwenye msikiti wa mji na hakuna anaemwita mgeni.

Na kilichonigusa kuliko vyote ni kwamba pale hapajafa. Ndani ya kikanisa watu wanaacha mishumaa na visanamu. Nje makaburi ya karne na karne yako pamoja na ya watu wa juzi, na maua mabichi. Mackenzie niliyewaambia amezikwa hapo, mwaka 1972, kaburi la kawaida kabisa kati ya wanakijiji. Siku ya mazishi yake mzee wa kisiwani, Calum Johnston, alipiga zumari la Kiskoti mvua inanyesha, mtu wa miaka zaidi ya 80, akamaliza, akaanguka akafariki siku hiyo hiyo. Ukisimama pale na upepo ule unaelewa kwa nini wakazi bado wanaisimulia.

---

Msomi_wa_Kaole

Aisee umenikumbusha Kaole yetu pale Bagamoyo, magofu ya misikiti na makaburi ya nguzo, ila watu bado wanaenda kwenye kaburi la Sharifa kuomba na kuacha nadhiri. Mtalii anaona mawe, mwenyeji anaenda kwa shida zake.

Na gofu lenye sura ya kanisa karibu na ndege, kwetu nadhani la karibu zaidi ni Mbweni, Unguja. Yale mabaki ya shule ya wasichana waliookolewa utumwani ya UMCA, misheni ya Kianglikana, miaka ya 1870, pamoja na kikanisa chake, yako ufukweni, na ndege za uwanja wa Kiembe Samaki zinapita juu yako zikitua. Nimekaa pale jioni nikasoma, sauti ya ndege inakatiza kila mara lakini unazoea.

---

Mwana_Amu

Na Takwa ya kule Lamu msiisahau. Manda kisiwa kimoja kina magofu ya mji wa Takwa na kina uwanja wa ndege wa Lamu. Si kanisa, ni msikiti wenye nguzo juu ya kibla, lakini abiria wote wanaoshuka Manda wanakimbilia boti za Amu (mji wa Lamu) moja kwa moja, wachache sana wanaenda Takwa. Ni yale yale anayolia nayo mwanzisha uzi. Na Takwa pia lazima usubiri maji, mkono wa bahari unaopitia mikoko ukikauka boti haifiki.

---

MtuWaPangani

Mwana Amu umesema kweli kabisa na hiyo ya Takwa naiweka moyoni, nikija likizo naenda. Hicho ndicho ninacholia nacho. Uwanja ukiwa wa ajabu kama wa Barra unameza kila kitu, watu wanaruka masaa, wanashangilia dakika tano za ndege kutua, na waliolala pale juu miaka mia nane hakuna anaepanda kuwasalimia.

---

mkulima_digitali

Wakuu naomba niwe tofauti kidogo. Kwa nini wasijenge njia ya lami wakamaliza? Nchi tajiri ile. Kisiwa chetu cha Mafia siku hizi kuna lami na ndege zinaingia bila shida. Kuwaacha watu wasubiri maji karne hii naona kama ni kuwafanya kivutio.

---

MtuWaPangani

Mkuu swali la haki na nimelifikiria sana. Nitakujibu kwa nilichokiona. Sehemu kubwa ya Barra ni mwamba na mlima, na tambarare ilipo ndo ile ardhi wanaiita machair. Makombe ya baharini yamesagika maelfu ya miaka yakawa mchanga mweupe, upepo ukaupuliza juu ya udongo mweusi wa kichanga na mboji, ikapatikana ardhi yenye rutuba ambayo sehemu nyingine ya kisiwa haina. Hapo ndo wanalima, wanalisha mifugo, na kiangazi ni maua mwanzo mwisho. Kuna ndege wa porini pia, corncrake, anajificha kwenye nyasi humuoni ila unamsikia usiku kucha anakwaruza sauti kama mtu anapitisha kidole kwenye meno ya kitana, na huyo baridi ikiingia anaruka mpaka Afrika kwetu. Sehemu nyingi za Uingereza ametoweka, visiwa hivi ndo amebaki. Ukimwaga lami unaimwaga juu ya hiyo ardhi.

Kingine ni historia. Watu wa Barra wanajua maana ya ardhi kuchukuliwa. Mwaka 1851, baada ya njaa ya viazi, mwenye kisiwa, Gordon wa Cluny, alihamisha mamia ya watu kwa nguvu kwenda Canada ili apishe kondoo. Rasi ile ya Eoligarry yenyewe ilikuwa shamba moja kubwa la mwenye mali, ilikuja kugawiwa wakulima wadogo baadae. Kwa hiyo kipande cha machair si kitu cha kuchezea.

Na kusema wanasubiri maji kwa ajili yetu watalii, hapana mkuu. Ukikaa pale unaona mama anaenda kliniki Glasgow, mwanafunzi anarudi, barua zinashuka, watu wanakumbatiana kwenye mchanga. Feri kutoka Oban ni karibu masaa matano, na wakati wa dhoruba haiji. Ile ndege ni uhai wao. Wao wenyewe wanaiendesha ile kazi, zimamoto, mnara, mizigo, na wanakagua mchanga kabla ndege haijashuka.

---

mkulima_digitali

Nimekuelewa mkuu, hiyo ya ardhi nlikuwa siijui. Ila bado naamini kungekuwa na njia mbadala ya dharura usiku.

---

MtuWaPangani

Hapo niko na wewe asilimia mia. Helikopta za uokoaji zinasaidia siku hizi, lakini mtu wa kisiwani kila siku anaomba mgonjwa asizidiwe kwenye upepo mbaya. Hilo halina uzuri wowote na sitalipamba.

---

Kaka_Mtoni

Mimi nishaamua. Sasa niambie vitu viwili, chakula sisi ni Waislamu, na nguo.

---

MtuWaPangani

Kaka chakula kafe ya uwanjani ina supu, keki, sandwichi, na Castlebay ambako ndo mji mkuu wao kuna samaki na kombe wa kutosha, nyama halali beba mwenyewe kutoka Glasgow. Maduka ni machache na Jumapili hakikisha kabla. Castlebay msiache kutazama ngome ya Kisimul, iko katikati ya maji kabisa.

Nguo, koti la mvua na la upepo hata kama ni mwezi wa sita, viatu visivyopitisha maji maana malisho yana sehemu za majimaji. Mwavuli acheni, upepo utauvunja. Kibla ni kusini mashariki, na kule juu ya Dùn Sgùrabhal nimeswali adhuhuri bila mtu yeyote karibu, kondoo tu.

Tiketi ya ndege shika mapema kwa sababu viti 19 vinaisha. Kama bajeti imebana nendeni kwa feri na siku moja mpande basi la kisiwani mpaka uwanjani kutazama ndege. Kabla hamjapanga siku ya matembezi chukueni saa za ndege na jedwali la maji mviweke pamoja. Jipangeni mfike uwanjani kabla ndege haijaja, muione ikishuka, kisha ndo mwondoke kwenda Cille Bharra na kumalizia kwa Tràigh Eais. Watoto waambie kabisa, soksi ya upepo ikiwa juu hakuna kukanyaga mchanga wa Tràigh Mhòr, hata kama hamuoni ndege.

---

BibiMwani_Jambiani

Baba wa Leeds ukifika makaburini waombee na wale waliopelekwa kwa nguvu. Na mtupigie picha za hao wachimba kombe, tunataka tuone reki zao zikoje, za kwetu tunachimba kwa mkono na kijiti.

---

Kaka_Mtoni

Inshallah bibi, picha za reki nitaleta humu humu.